Kilo Kumi na Nne Kasoro

Wabebaji walikuwa na majina yao ya baiskeli. Yenye shokapu mbele tu waliiita mbuzi. Yenye shokapu mbele na nyuma waliiita ng'ombe. Mbuzi ana nafasi tupu katikati ya fremu: unapitisha mkono, unalaza bomba begani juu ya ngata, unakwenda zako. Ng'ombe hana nafasi hiyo. Pale ambapo bega lingekaa pana shokapu ya pili na vyuma vyake vya kupinda, na ukilazimisha, chuma kinakutafuta mfupa wa mtulinga na hakikuachi mpaka juu. Meno ya mnyororo yanakupapasa shingo, na gurudumu la nyuma linakupiga vigimbi kila ngazi, kama mtoto mtundu anayekufuata njiani.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Waendeshaji walikuja kuushuka mlima, hawakuja kuupanda. Gari la kampuni liliwafikisha nusu ya mlima, mbele ya kibanda cha ofisi. Kuanzia hapo palikuwa na njia ya miguu tu, ngazi mia sita na kitu zilizochongwa kwenye udongo na kuzuiwa kwa magogo. Baiskeli zilipanda kwa mabega ya watu, wenyewe wakifuata nyuma mikono mitupu. Wakifika juu walivaa kofia zao ngumu na kushuka kwa dakika kumi na mbili kile ambacho mbebaji alikipanda kwa saa nzima.

Sheria ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi: baiskeli isiyozidi kilo kumi na tano, mbebaji mmoja, ikizidi, wabebaji wawili, wapokezane kwenye jiwe bapa lililo katikati ya njia. Ilikuwa sheria nzuri. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba ofisi haikuwa na mizani. Mwenye baiskeli aliulizwa uzito, naye akautaja, ukaandikwa kwenye kadi na kadi ikafungwa kwenye usukani. Na hakuna mwenye baiskeli aliyewahi kutaja zaidi ya kilo kumi na tano. Kwao uzito wa baiskeli ulikuwa kama umri kwa watu wengine: kila mmoja alijua wa kwake halisi, na kila mmoja alitaja mwingine.

Msichana waliyemwita Bubu alibeba hapo mwaka wa pili. Hakuwa bubu. Alikuwa na haya tu, haya ya kumfunga mtu koo, na watu wakishamzoea mwenye haya humpa jina na kuendelea na mambo yao. Aliyemsemea siku zote alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye walisimama naye foleni moja kila asubuhi. Wifi alikuwa na mdomo wa kutosha wawili.

"Huyu msimuulize," alikuwa akiwaambia wabebaji wengine. "Maneno yake anayaweka akiba. Siku akiyafungua, mtahama mji."

Kaka mtu alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi tangu mwaka uliopita, na simu zake zilijaa salamu kuliko kitu kingine chochote. Alikuja mara moja, akakaa wiki mbili, akarudi. Katika wiki hizo mbili wifi alipata mimba. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika zikiwa changa, na baada ya ile ya pili mama mkwe, ambaye ni mama yake Bubu, hakusema neno baya, ila aliacha kusema mengi.

Safari hii wifi hakumwambia mtu ila Bubu. Ofisi ikijua ingemwondoa kwenye foleni siku hiyo hiyo, na mshahara wa Bubu peke yake usingetosha nyumbani. Walipanga wawili hao, wakikoka moto wa asubuhi, kwamba wifi abebe mpaka mvua zianze, wakati njia inafungwa na kila mtu anakaa kwake. Ilikuwa imebaki miezi miwili. Wifi akipata mbuzi, atabeba mwenyewe. Akipata ng'ombe, Bubu atafanya haraka na wake, ashuke, ampokee kwenye jiwe bapa.

Na wiki tatu walifanya hivyo. Bubu alikuwa akikimbia kushuka ngazi, anamkuta wifi ameketi kwenye jiwe, mkono tumboni, anaucheka mlima.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wifi," alimwambia siku moja akimvisha fremu begani. "Leo usufi umechanganywa na nondo."

Ng'ombe mkubwa kuliko wote alikuwa wa Wakili. Alikuja kila Jumamosi, mtu mpole mwenye miwani, anayesalimia wabebaji wote na kuwauliza hali za nyumbani bila kungoja majibu. Baiskeli yake ilikuwa ya kijani kama tunda bichi, tairi zake nene kama mkono. Uzito wake, alisema kila Jumamosi, ni kilo kumi na nne kasoro. Kitabu chake kimeandika hivyo.

Wakipanda, Wakili alipenda kuzungumza na wenzake juu ya uzito. Alisema amesoma sana jambo hilo. Zamani watu walihangaika kupunguza gramu, sasa wataalamu wamegundua kwamba kwenye mlima uzito si kitu: baiskeli nzito inatulia juu ya mawe, inampa mtu imani, na tofauti ya kilo mbili tatu huisikii kabisa. Alisema haya akihema kidogo, mikono nyuma, hatua nne nyuma ya wifi aliyekuwa chini ya hiyo baiskeli. Wifi hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kumwambia mlima, "Ni kweli, mheshimiwa. Mimi mwenyewe sisikii kitu. Hata miguu siisikii." Wakili alicheka kwa moyo wote, kwa kuwa alipenda watu wenye utani.

Jumamosi ile, kwenye jiwe bapa, wifi hakuwa anaucheka mlima. Alikuwa ameinama, na alimwambia Bubu kwamba kiuno kimemkaza, kama mara ile ya kwanza. Maumivu yalipita baada ya muda. Lakini Bubu alibeba ng'ombe wa Wakili nusu ya juu akiwa na jambo moja kichwani, na kila ngazi ililigongomea ndani zaidi.

Alijua kilo. Alipoacha shule akiwa darasa la nne, aliwekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kushika mifuko wakati wa kupima, na kwa miaka sita mikono yake ilijifunza. Sufuria, betri, bomba, injini ya pampu: alikuwa akiinua na kutaja, na mizani ikimfuata. Baiskeli ile haikuwa kumi na nne kasoro. Ilikuwa kumi na saba na kidogo. Kama ingepimwa, ingekuwa ya wabebaji wawili kwa sheria ya ofisi yenyewe, na pamoja nayo nusu ya baiskeli za Jumamosi. Wifi asingelazimika kumngoja mtu. Angebeba nusu njia, basi, kwa haki.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mnunuzi wa vyuma, akaazima mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano chini na kioo cha namba. Mzee yule alimpa bila masharti. Aliuliza tu inakwenda kupima nini, na aliposikia ni baiskeli, alisema hapo kwake kilo ni kilo, iwe ya baiskeli iwe ya sufuria, lakini kuna watu ambao kilo zao zimesoma, mtu usizibishie.

Jumamosi asubuhi, Wakili alipotaja uzito wake na karani akashika kalamu, Bubu alitoka kwenye foleni. Alifunga mizani kwenye tawi la mti lililokuwa juu ya benchi la ofisi, akainua baiskeli ya kijani kwa tandiko, akaitundika. Watu walishangaa kumwona yeye, kabla hata hawajajua anafanya nini. Baiskeli ilizunguka polepole, ikatulia.

"Kumi na saba na gramu mia mbili," alisema.

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema mbele ya ofisi ile. Wifi alipiga kofi moja, akalizuia la pili.

Wakili alikwenda kwenye kioo akavua miwani, akaivaa tena. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe iliyopigwa kwa nyuma. Alimuuliza Bubu kama mizani ni nzima. Kisha wenzake wawili, wakicheka, wakataka za kwao zipimwe pia. Mmoja alikuwa na kumi na sita na nusu, mwingine kumi na nane kamili, na huyo alitaniwa mpaka wakafika juu. Siku ile baiskeli zote tatu zilipanda kwa watu wawili wawili. Jioni nyumbani wifi alimwosha Bubu miguu kwa maji ya moto, akimwita mheshimiwa jaji, na mama mtu, ambaye hakujua kisa chote, alicheka pamoja nao.

Jumatatu Meneja aliwaita wote mbele ya kibanda. Alikuwa kijana nadhifu asiyepandisha sauti. Alianza kwa kumshukuru dada yetu, ndivyo alivyomwita Bubu, kwa kuleta ukweli kazini. Ofisi imenunua mizani yake. Na kwa kuwa sasa imejulikana baiskeli za siku hizi zina uzito gani, sheria ya zamani imepitwa na wakati. Wabebaji wamekuwa wakibeba kilo kumi na saba peke yao mwaka mzima na hakuna aliyeanguka. Maana yake wanaweza. Kuanzia leo kikomo ni kilo kumi na nane.

Mtu mmoja nyuma alisema, "Ahsante, Bubu." Hakusema kwa sauti, lakini kila mtu alisikia.

Meneja alikuwa bado. Alisema mizani inahitaji mtu wa kuisimamia, na nani zaidi ya dada yetu. Bubu atoke kwenye foleni. Atapima na kutaja, karani ataandika.

Alitaka kukataa. Kama hayupo foleni, nani atampokea wifi kwenye jiwe? Maneno yalifika kooni yakakaa pale pale yanapokaa siku zote, na Meneja, aliyezoea kimya kuwa ndiyo, alikuwa ameshafunga daftari.

"Kubali," wifi alimwambia walipokuwa wanarudi nyumbani. "Angalau mmoja wetu bega lipone. Na mizani iko mkononi mwako, wewe mtoto. Huoni? Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama."

Ndipo Bubu akaanza wizi wake mdogo. Hakuusoma uzito vibaya, kwa sababu karani alisimama pembeni na macho yake. Aliuongeza. Zamu ya wifi ikikaribia, aliichukua baiskeli inayofuata, akajifanya anaikagua, akaijaza chupa maji mpaka shingoni. Aliwaambia waosha baiskeli, kwa ishara, kwamba matope ya jana yasubiri. Aliwahi kusukuma kokoto kwenye kimfuko cha vifaa chini ya tandiko. Baiskeli ya kumi na saba na nusu ikawa kumi na nane na gramu hamsini, ikahitaji watu wawili, na wifi akabeba nusu ya njia. Siku nne kati ya tano alifanikiwa. Wifi akirudi alikuwa anapita karibu na mizani na kunong'ona, "Maji yako matamu, wifi."

Zilikwenda wiki mbili hivyo. Na haikuwa ofisi iliyomkamata. Walikuwa ni wenye baiskeli.

Kwa maana tangu mizani itundikwe, Jumamosi zilibadilika. Waendeshaji walikuwa wakijikusanya chini ya tawi kabla ya kupanda, kila mmoja anataka kuona ya mwenzake. Wale wale waliosema uzito si kitu sasa walikumbuka namba za wiki iliyopita mpaka gramu. Wakili alibadilisha tandiko, kisha usukani, kisha magurudumu, na kila wiki alisimama mbele ya kioo akingoja kama mzazi mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mtu wa namna hiyo haachi kuona kwamba chupa yake, aliyoileta nusu, imejaa.

Alilalamika kwa upole, kama kawaida yake. Hakumtuhumu mtu. Alisema tu kwamba si haki baiskeli kupimwa na maji, kwa sababu maji si baiskeli. Wala matope. Wala vifaa. Na kwa kweli, alisema, hata pedali hazihesabiwi. Viwanda vyote vinapima bila pedali, ndiyo maana kitabu na mizani havikupatana tangu mwanzo. Meneja aliona hoja hiyo ina busara. Likaandikwa tangazo jipya chini ya lile la kwanza: baiskeli itapimwa safi, bila chupa, bila kimfuko, bila pedali. Baada ya kupimwa, vyote virudishwe, kisha ibebwe.

Kuanzia siku hiyo hakuna ng'ombe aliyefika kilo kumi na nane. Walikuwa kumi na tano, kumi na sita. Wote wa mbebaji mmoja.

Wifi alibeba peke yake siku saba. Bubu alikwenda mara mbili mpaka mlango wa ofisi kumwambia Meneja, amwambie yote, mimba na mbili zilizotangulia, liwalo na liwe. Mara ya kwanza Meneja alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye simu. Aliinua macho akauliza, "Ndiyo, dada yetu?" na Bubu akasema kamba ya mizani imeanza kuchakaa. Meneja akamshukuru, akaandika kamba.

Siku ya nane, saa sita mchana, wifi alishuka ngazi bila haraka. Alisimama mbele ya mizani. Sketi yake ilikuwa na alama ndogo tu nyuma.

"Nakwenda nyumbani, wifi," alisema. "Wewe maliza kazi."

Bubu hakumaliza. Aliacha baiskeli ya mtu inaning'inia akamfuata, akamshika mkono njia nzima. Mama mtu alikuwa uani anaanua nguo. Aliwatazama wakiingia, akaelewa kwa mwendo wao, akaingia ndani kutafuta beseni.

Wifi alilala siku tisa. Kaka alipiga simu siku ya tatu, akaleta salamu, akasema Mungu atajalia nyingine. Siku ya kumi wifi aliamka mapema, akakunja ngata yake. Bubu alimshika kiwiko, akatikisa kichwa.

"Nikae nifanye nini?" wifi alimuuliza. "Sasa hivi nina nafasi kuliko wao wote. Sibebi kingine."

Ilikuwa Jumamosi. Foleni ilikwenda, na mbele ya wifi ikafika ile ya kijani. Wakili aliisogeza mwenyewe, imeoshwa mpaka inang'aa, pedali mkononi kama mtu aliyeshika viatu vyake mlangoni. Alimsalimia wifi, akamuuliza alikuwa wapi siku hizi, akageukia kioo. Bubu aliitundika. Mkono wake ulijua kabla ya mizani. Baiskeli ilizunguka, ikatulia, na yeye akatazama namba, akaitaja kwa karani kwa sauti iliyokwama nusu.

"Sema kwa sauti, wifi," alisema wifi. Alikuwa anamtazama usoni, na hakukuwa na utani hata chembe. "Nataka nisikie ninachobeba."

Waendeshaji walisogea, kwa kuwa nao walitaka kusikia.

"Kumi na tatu na gramu mia tisa," alisema Bubu.

Kumi na nne kasoro. Wenzake Wakili walipiga makofi, mmoja akampiga begani. Wakili alivua miwani akaifuta, macho yamemlowa kidogo. Alisema kitabu hakikudanganya, kilitaka subira tu. Kisha akafunga pedali, akarudisha kimfuko cha vifaa, akachomeka chupa iliyojaa. Na kwa kuwa baiskeli ilikuwa imekuwa nyepesi hivyo, akafunga juu ya usukani begi lake la mgongoni pia, lenye koti na chakula.

Bubu aliitazama ikiwa chini. Kumi na saba na nusu, alihesabu. Labda na kidogo.

Wifi aliweka ngata begani, akapiga goti moja, akaingiza shingo chini ya bomba, akainuka. Chuma kilitafuta mtulinga, kikaupata. Alipiga hatua kwenye gogo la kwanza, kisha la pili. Nyuma yake Wakili alifuata mikono nyuma, akimweleza mwenzake kwamba sasa amebadili mawazo: uzito, ukiuangalia vizuri, una maana sana.

Karani aligonga kalamu mezani. Bubu alishika tandiko la baiskeli iliyofuata, akaiinua.